Mkwe Hanywi Maji

Mwaka ule nilikuwa natafsiri kijitabu cha njia rahisi za kupata maji ya kunywa katika sehemu zilizo mbali na huduma. Nilikitafsiri nikiwa ghorofa ya tatu, Kariakoo, mahali ambapo ukitoa kichwa dirishani na kutamka neno maji kwa sauti ya kawaida, kuna mtu atakuuliza makubwa au madogo, ya moto au ya baridi. Ya moto maana yake ni yale ambayo hayakukaa kwenye friji. Mgeni huchukua muda kulielewa hilo, na mimi nilichukua muda nilipohamia mjini, ingawa siku hizi huwa naeleza kana kwamba nilizaliwa nalijua.

Shirika lililonipa kazi hiyo liliamini kwamba mtu mwenye shahada hawezi kushindwa na maji. Sikuwasahihisha. Nimekulia miteremko ya Kilimanjaro, ambako maji yalipita yenyewe mferejini pembeni ya migomba yetu, na jitihada kubwa niliyowahi kuifanya utotoni kuhusu maji ilikuwa kufukuzwa nisichezee. Kwa hiyo nilikaa nikiandika jinsi ya kuchuja maji kwa mchanga na mkaa, jinsi ya kutega umande kwa kitambaa, na jinsi ya kuacha chupa juani siku nzima ili jua liue vijidudu, kwa uhakika wa mtu ambaye hajawahi kuwa na kiu kwa zaidi ya mwendo wa kufika dukani.

Katikati ya kazi hiyo mama mkwe akaja.

Baba mkwe alikuwa amefariki, arobaini imepita, na mke wangu, ambaye ndiye binti pekee, hakutaka mama yake abaki peke yake kule kusini, kwenye uwanda wa Wamakonde. Tukamwomba ahamie kwetu. Alijibu kwamba atakuja kuangalia. Kwa lugha ya ukweni jibu hilo si ndiyo wala si hapana. Ni mlango ulioegeshwa. Mke wangu alipanga chumba cha pili kana kwamba bibi harusi anaingia. Akabadilisha pazia, akanunua shuka mpya, akaniagiza niondoe vitabu vyangu chini ya kitanda. Alikuwa anataka jambo hilo kuliko nilivyowahi kumwona akitaka jambo lolote, pamoja na mimi.

Nyumba yetu ni ya kupanga, kwenye jengo la zamani lililojengwa na mtu aliyeamini kwamba watu wa familia moja hawafichani kitu. Ukiingia unakuta sebule, na kila mlango mwingine unafungukia hapo hapo: vyumba viwili, jiko, choo. Dirisha moja tu ndilo lenye upepo, na chini ya dirisha hilo ndipo ilipokuwa meza yangu. Nilikuwa nashinda hapo tangu mke wangu anapotoka asubuhi kwenda kazini kwake, ofisi ya watoa mizigo bandarini, mpaka anaporudi jioni amechoka na mambo ya makontena ya watu.

Mama mkwe alikuwa mwanamke mdogo wa umbo, mwenye kicheko cha haraka, na kicheko hicho nilikisikia kupitia ukutani tu. Mbele yangu alikuwa mtu mwingine. Asubuhi nilimwamkia, "Shikamoo, mama," naye akajibu, "Marahaba, baba," akitazama kizingiti, kisha akavuta kanga na kurudi chumbani. Alikula chumbani na binti yake. Nilipokuwa sebuleni hakuketi sebuleni. Hilo halikunishangaza. Hata kwetu mlimani mama mkwe na mkwe wake wa kiume hutazamana kwa pembeni, na chuoni niliwahi kujibu swali zima la mtihani kuhusu heshima ya ukwe, nikapata alama nzuri kuliko nilivyostahili. Nilijiona mtu mwelewa. Nilikohoa kabla ya kuingia mahali. Niliacha kutembea na singlendi.

Mji aliupenda. Mke wangu alikuwa ananisimulia usiku: mama yake alikuwa amesimama kwenye dirisha la chumbani saa nzima akimtazama mchukuzi aliyebeba majora ya vitenge kichwani hadi uso haukuonekana, akisubiri aanguke, na hakuanguka. Siku nyingine aliteremka na binti yake kununua maji, muuzaji akauliza ya moto au ya baridi, naye akamjibu kwa masikitiko kwamba yeye si mgonjwa, maji ya moto ya nini na jua lote hili. Alirudi na chupa lililoganda barafu, hakuweza kulinywa, akaliweka kwenye magoti yaliyokuwa yanamuuma. Akasema dawa nzuri.

Ila maji alikuwa hanywi. Mke wangu ndiye aliyegundua. Bilauri aliyomwachia asubuhi aliikuta jioni imepungua kidole kimoja. Akibadilisha maji, hali ni ile ile. Tukadhani ni ugeni. Kisha Jumamosi moja, wakitoka sokoni, mama alishikwa na kizunguzungu kwenye ngazi, akakaa chini ghafla kama mtu aliyevutwa. Tukampeleka zahanati. Muuguzi alimbinya ngozi ya mkono, akaitazama inavyochelewa kurudi, akatutazama sisi kwa jicho la kutushtaki. Hakuwa na ugonjwa. Alikuwa mkavu. Kwa umri wake na joto la Dar, alisema muuguzi, mzee huyu anywe, na kama hatakunywa mtamrudisha hapa amebebwa.

Usiku huo mke wangu alisubiri taa ya chumbani kwa mama izimwe. Ndipo akasema, "Nampa mpaka mwisho wa mwezi. Kama hapa hanywi, namrudisha kwao. Bora awe mbali, mzima."

Sauti yake ilikuwa imara, lakini mkono wake ulikuwa umeshika shuka ile mpya ya ziada aliyokuwa hajaitandika bado, akiikunja na kuikunjua.

Ni aibu kusema, lakini sehemu yangu moja ilifurahi. Kwa mara ya kwanza katika ndoa yetu tatizo la nyumbani lilikuwa limeangukia kwenye fani yangu. Nilikuwa na kijitabu kizima mezani.

Nilianza kwa utafiti, maana sisi wasomi hatuanzi jambo bila utafiti. Kupitia mke wangu nikamuuliza mama kule kwao maji waliyapataje. Majibu yalinirudia kwa mafungu. Uwandani juu hakuna mto wala chemchemi. Maji yako bondeni, na wasichana waliteremka gizani na kupanda jua likiwachoma migongo. Mvua ikinyesha, walikinga yote. Walichimba shimo uani, wakalisiliba, wakaelekezea vipande vya bati. Asiye na bati alifunga kamba ya gome kuzunguka shina la mkorosho, mvua ikiteremka na shina inafuata kamba na kudondokea chunguni. Nilipoyasikia hayo niliandika kwa kasi. Nikafikia hitimisho: mama ameikosa ladha. Bomba letu linatoa maji ya kisima, yana chumvi kwa mbali. Ya chupa hayana ladha yoyote. Mtu aliyekunywa mvua miaka yote hiyo, atakunywaje chumvi na plastiki? Dawa ilikuwa kumpa maji ya kwao.

Juu ya jengo letu kuna dari tupu ya zege, na kwenye kona kuna kibanda cha bati cha kuhifadhia makorokoro. Nikapanda huko na chupa tupu, nikazijaza maji ya bomba, nikazilaza juu ya bati kama kijitabu kilivyoagiza. Nilitaka kwanza kupata mazoezi. Jioni nilipozifuata hazikuwepo. Mmoja wa wale wanaookota chupa za plastiki alikuwa amepita, akashukuru, akaondoka. Mbegu za mlonge nilizinunua, nikazitwanga vizuri, ndipo nikakumbuka kwamba kazi yake ni kutuliza matope, na maji yetu, pamoja na kasoro zake zote, hayakuwa na matope. Nikawaza kwa sauti kwenda kuchota ya bonde la Jangwani baada ya mvua ili nijaribu. Mke wangu alinitazama tu, nikaweka mbegu kabatini.

Mtungi niliufuata Ilala. Muuzaji alinipima kwa macho, shati langu na miwani yangu, akauliza kama nataka wa kupikia, wa maji, au uliotajwa na mganga. Nikasema wa maji. Akasema wote husema hivyo. Aliufunga kwa gazeti, na pale Kariakoo nilipopita nao mabegani, vijana wa maduka ya chini, ambao hunijua kwa jina la Mwalimu, wakanibadilishia cheo papo hapo nikawa Injinia.

Mvua za vuli zikaja alasiri moja, kwa vishindo. Chini wafanyabiashara walikuwa wanakimbiza nailoni juu ya bidhaa, wanaitana, wanalaani. Mimi nilikuwa juu, mtu mmoja aliyefurahi katika kata nzima. Nilifuata kanuni. Maji ya kwanza niliyaacha yaende, yakashuka na vinyesi vya kunguru, majani, na kandambili moja ya mtoto. Bati lilipong'aa nikasogeza ndoo chini ya mfereji wa bati niliouning'iniza kwa waya, nikaifunika kwa kanga kuukuu iliyokunjwa mara kadhaa. Maji yakaanza kuingia, meupe, yakiimba. Sijui kama nimewahi kutengeneza kitu kingine kwa mikono kikafanya kazi.

Wapangaji wakasikia. Kwanza alipanda mama wa ghorofa ya kwanza, mjane, mzaliwa wa Kariakoo, ambaye huwapikia chapati watu wa maduka. Akaona, akateremka, akarudi na ndoo zake, na nyuma yake jengo zima na masufuria. Mgao wa maji ulikuwa umebana wiki hiyo. Tulisimama pale tumelowa, tunacheka, tunasogezeana ndoo, watu ambao kwa kawaida husalimiana kwenye ngazi kwa kuinua kidevu. Nikawa naeleza habari ya kuacha maji ya kwanza. Walinisikiliza kwa adabu waliyonayo watu wenye ndoo ambazo hazijajaa.

Nikayachemsha, nikayamimina mtungini, nikayaacha yalale. Kesho yake yalikuwa ya baridi bila friji, na mtungi ulikuwa unatoka jasho. Mke wangu akampelekea mama kata nzima ya maji. Mimi nilibaki mezani kwangu, kalamu mkononi, nikisikiliza mlango kama mwanafunzi anayesubiri matokeo.

Mke wangu akatoka. Mama amesema nishukuriwe sana. Amesema ni mazuri, yana bati kwa mbali. Amesema pia kule kwao walikunywa ya mvua kwa sababu hakukuwa na mengine, nisihangaike.

Kata ilikuwa imepungua kidole kimoja.

Hapo ndipo nilipokata tamaa kidogo. Mwisho wa mwezi ulikuwa unakaribia, na mke wangu alikuwa ameanza kuuliza bei ya basi la kwenda kusini kwa simu, akiwa jikoni, kwa sauti ya chini. Nikabaki na wazo moja. Kila mchana mama mkwe alikuwa na desturi ya kuteremka kwa yule mjane wa ghorofa ya kwanza, kumsalimia. Huenda huko alikuwa anakunywa. Huenda maji ya mjane yalikuwa na kitu ambacho yangu hayana. Nikajaza jagi kutoka mtungini, nikalifunika kwa sahani, nikateremka kwenda kulinganisha.

Nilimkuta anasukuma chapati. Alinionyesha kigoda kwa mpini wa kisukumio, akaonja maji yangu, akasema hayana neno. Nikamuuliza, kwa mzunguko mrefu, yeye huwa anamwekea mgeni wetu maji gani.

"Ya bomba," akasema. "Yale yale ya kwenu."

"Na anakunywa?"

"Anakunywa kama ngamia, baba. Wiki ile niliyokwenda harusini Rufiji ndiyo mkamwona anaanguka."

Nikasema basi sielewi, kwa nini juu hanywi. Akaendelea kusukuma, nikaona anapigana na tabasamu, na heshima yake kwangu inashindwa.

"Mwalimu, shida siyo maji yanayoingia. Shida ni yanayotoka."

Sikuelewa bado. Naandika hivi ili msomaji ajue elimu ya juu inaweza kumfikisha mtu wapi.

"Choo chenu kiko wapi?" akauliza.

"Sebuleni. Pale karibu na dirisha."

"Na wewe kutwa unakaa wapi?"

Niliiona meza yangu. Niliuona mlango wa choo, ambao kitasa chake ningeweza kukishika bila kuinuka kitini. Mke wangu akitoka asubuhi, ndani ya nyumba ile tulikuwa tunabaki wawili: mama mkwe chumbani, na mimi mlangoni pa msalani, nimekaa kama askari wa getini, kalamu mkononi, mpaka jioni. Kwao mama hamwachi mkwe wake wa kiume amwone hata akielekea upande ule. Angepitaje? Angebeba ndoo ya kumwagia, kwa sababu bomba la choo lilikuwa kavu, na mimi nisikie kila kitu? Ndiyo maana alipima maji kwa kidole. Alikuwa anakunywa kiasi cha kumfikisha mchana, ambapo atateremka kusalimia, na salamu zake, alivyosema mjane, zilikuwa zinaanzia uani.

Mtihani wangu wa chuo, nikikumbuka vizuri, haukuwa na choo.

Jioni nikamweleza mke wangu. Alifunika uso kwa mikono, nikadhani analia. Alikuwa anacheka, kicheko kile kile cha mama yake, mpaka akakaa sakafuni. Kisha akainuka, akasema mama yake asingelisema hilo hata kwa kukatwa kidole, na yeye mwenyewe alikuwa amedhani tu kwamba mchana mimi huwa natoka. Tukakubaliana kwamba mama asijue kuwa tunajua. Angejua, angepanda basi kesho yake kwa aibu.

Ilihitajika sababu, na sababu ilikuwa juu ya dari. Asubuhi, nikisikika vizuri, nikamlalamikia mke wangu kwamba kunguru wanachafua bati langu la maji, na mtu wa chupa anaweza kurudi, na kwamba mambo ya kisayansi yanataka uangalizi. Itabidi nihamie huko kutwa. Mke wangu akanijibu, naye akisikika vizuri, kwamba mwanamume anayelinda mvua hajawahi kumwona, lakini kila mtu na lake. Vijana wa maduka walinisaidia kupandisha meza hadi kwenye kibanda, na njiani wakaniuliza kama nimefukuzwa. Nikasema bado.

Kibanda kina joto. Sitadanganya. Bati linavuma saa sita mchana kama sufuria. Pembeni yake linapita bomba kuukuu la hewa, linaloshuka ukutani moja kwa moja hadi vyoo vya ghorofa zote, na siku ya kwanza nilikaa kando yake nikifuta jasho na kutafsiri sura ya visima vya mikono. Sikusikia kitu cha maana. Mazoea hayaondoki kwa siku moja. Pengine aliogopa nitarudi kuchukua kalamu.

Siku iliyofuata, kabla ya adhuhuri, nilisikia mlango chini, kisha kimya, kisha ndoo ya maji ikimwagwa kwa nguvu, bila woga, na bomba zima likakoroma mpaka juu nilipokaa. Niliweka kalamu chini. Nina digrii ya fasihi, na nimesikia mashairi mengi yakisomwa na watu wenye sauti nzuri. Sikumbuki lolote lililonituliza moyo kiasi kile.

Kijitabu nilikimaliza huko huko juu. Maji ya mvua tuliendelea kuyakinga, na wapangaji bado wanapanda na ndoo mawingu yakijikusanya. Mtungi uko jikoni, na mama mkwe huwa anateka kata nzima na kuimaliza. Bado anasema yana bati. Mwisho wa mwezi ulipita bila mtu kuutaja. Mke wangu aliitandika ile shuka.

Kisha mama akapiga simu kwao, tukamsikia kupitia ukutani anabishana na mtu kuhusu basi. Tukatazamana. Baadaye binti yake akatoka chumbani na uso ambao sikuuelewa mara moja, akaniambia niende stendi asubuhi kupokea mzigo. Mama alikuwa ameagiza kinu chake. Mtu anayekuja kuangalia haagizi kinu.

Kilikuwa cha mti mzito, cheusi kwa miaka ya kutwangiwa, na mchi wake umefungwa kando kwa kamba. Nilikipandisha ngazi mwenyewe, nikipumzika kila kituo, vijana wakinishangilia Injinia, Injinia. Nikakiweka sebuleni, nikakohoa, nikamwamkia mama aliyekuwa nyuma ya pazia, naye akaitikia. Nikapanda zangu juu.